Kutoka Tezi Hadi Omo: Siku Nane Ndani ya Queen Mary 2

Siku ya kwanza, Southampton

Tulipanda melini saa nane mchana, mimi na mke wangu, tukiwa na masanduku mawili, daftari la kuchorea, na futikamba ambayo mkaguzi wa mizigo aliigeuzageuza mkononi kana kwamba hajapata kuona kitu cha namna hiyo. Tulikuwa tunakwenda Marekani kwenye harusi ya mpwa wangu, na ndege ingetufikisha kwa saa zipatazo nane. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikibuni mambo ya ndani ya nyumba na hoteli katika pwani ya Kenya, na muda wote huo nimezisoma ramani za meli kubwa za Atlantiki kwenye karatasi tu, bila kulala hata usiku mmoja ndani ya mojawapo. Mama Nasra alikubali safari kwa sharti moja, kwamba nisimsimamishe kila mlangoni nikipima upana.

Queen Mary 2 ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, katika kiwanda cha Chantiers de l'Atlantique, na safari yake ya kwanza ya abiria ilianzia bandari hii hii tarehe 12 Januari 2004. Ina urefu wa mita 345 na huchukua abiria wapatao 2,700. Msanifu wake, Mwingereza Stephen Payne, hakutaka meli ya utalii inayozunguka visiwani na kukimbia dhoruba. Alitaka meli ya kuvusha watu kwa ratiba, iliyo tayari kukabili bahari ya Atlantiki ya Kaskazini hata mwezi wa Januari. Kwa hiyo aliipa gubeti refu (ile ncha ya mbele), mwili mwembamba wenye kina kirefu, na chuma kingi kuliko meli ya utalii yenye ukubwa kama wake. Nimekuja kuona jinsi maamuzi hayo ya chuma na mawimbi yalivyopanga sebule na kumbi, kwa sababu vitabu vya picha huonyesha mapazia na taa, na mara chache hueleza kwa nini ukumbi fulani uko pale ulipo.

Mgeni hupokewa katika Ukumbi Mkuu, ulio katikati ya meli na wenye uwazi unaopanda sitaha (ghorofa za meli) kadhaa, ngazi zilizopinda pande mbili, zulia jekundu na vishikio vya shaba. Ukutani kuna mchongo wa shaba nyeusi wa John McKenna wenye ukubwa wa mita saba za mraba, unaoonyesha meli yenyewe na ulioigizwa kutokana na mchoro wa chumba cha kulia cha Queen Mary ya kwanza. Nilisimama mbele yake kwa muda. Baadaye tukaenda kuutafuta ukumbi wa dansi, ambao kwenye ramani uko upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, katika sitaha ya 3, tukaifuata sitaha ya 3 kuelekea tezi bila kupinda, tukajikuta mbele ya milango ya chumba cha kulia iliyofungwa. Tulirudi, tukajaribu upande wa pili, tukafika mlango uleule. Mama Nasra akaniuliza kwa upole kama hii ndiyo meli niliyoisoma miaka ishirini.

Siku ya pili

Usiku saa zilirudishwa nyuma, na zitarudishwa mara tano kabla ya New York, jambo linalompa abiria wa kuelekea magharibi siku zenye saa 25. Asubuhi niliamka mapema nikaanza kazi niliyojipangia, yaani kuzitembea sitaha ya 2 na ya 3 kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, nikihesabu hatua na kuchora.

Swali la kwanza katika kupanga kumbi za meli ni moshi utapita wapi. Mashine ziko chini karibu na mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, dohani ya kutolea moshi iko juu kabisa, na kati yake pana ghorofa kumi au zaidi ambazo bomba la moshi halina budi kuzitoboa. Katika meli nyingi za mwanzo wa karne ya 20 bomba hilo lilipita katikati kabisa, na kila ukumbi mkubwa ulilazimika kukaa mbele yake, nyuma yake, au kulizunguka. Ukiangalia ramani za Olympic ya 1911 na ndugu yake Titanic, unaona jinsi ngazi kuu na kumbi za daraja la kwanza zilivyopachikwa katika nafasi zilizobaki kati ya dohani moja na nyingine. Wajerumani walijaribu njia nyingine katika Vaterland ya mwaka 1914, kwa kuligawa bomba la moshi mara mbili na kulipitisha kando kando ya meli, ili katikati pabaki wazi. Wafaransa walilichukua wazo hilo na kulifikisha kileleni katika Normandie, iliyoanza safari mwaka 1935.

Nikiombwa kutaja chumba kimoja cha melini ambacho ningetoa chochote nikione, ningetaja chumba cha kulia cha daraja la kwanza cha Normandie. Kilikuwa na urefu wa mita 93, upana wa mita 14 na kimo cha zaidi ya mita nane, na waliweza kuketi humo watu 700 kwa mpigo. Kwa kuwa kilikaa ndani kabisa ya mwili wa meli hakikuwa na dirisha hata moja, na wabunifu wake, badala ya kuona haya kwa upungufu huo, waliugeuza kuwa hoja: mwanga wote ulitoka kwenye minara ya vioo vya Lalique, fundi wa vioo wa Kifaransa, iliyosimama sakafuni na kwenye taa zilizopangwa kutani, mpaka watu wakaiita meli ya nuru. Juu yake, kumbi za starehe zilifuatana moja baada ya nyingine kwenye mstari mmoja, na milango ikiwa wazi jicho lilisafiri bila kugonga kitu. Meli hiyo iliwaka moto katika bandari ya New York tarehe 9 Februari 1942, ilipokuwa ikigeuzwa kuwa ya kubebea askari, na maji ya kuzimia moto yakailaza ubavu. Vioo vilivyopakwa rangi na dhahabu kwa michoro ya Jean Dupas, vilivyokuwa katika ukumbi wake mkuu, vilinusurika, na sehemu yake iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, mahali ambapo nimeshamwambia Mama Nasra kwamba tutapita, harusi au si harusi.

Payne aliutamani mstari ule wa Normandie, na hilo linaonekana. Dizeli zake nne ziko chini, lakini mitambo miwili ya gesi, ambayo hunywa hewa kwa pupa, aliiweka juu kabisa, chini ya dohani, ndani ya chumba kilichozuiwa kelele. Kama angeiweka chini na zile dizeli, mifereji mipana ya hewa ingelazimika kuteremka ghorofa zote na kula nafasi ya kumbi. Mota za kusukumia meli nazo aliziweka ndani ya mapipa manne yanayoning'inia nje chini ya tezi, kwa hiyo hakuna mihimili mirefu ya pangaboi inayopita ndani. Nafasi iliyookolewa ndiyo iliyompa njia pana za katikati katika sitaha ya 2 na ya 3, zenye dari ndefu na michongo mikubwa ukutani, ambazo kwa maoni yangu ndizo sehemu bora za meli hii.

Hata hivyo mstari haukamiliki. Unaanza vizuri, kisha unakutana na ukumbi wa tamthilia ulioenea upana wote wa meli. Unaanza tena, kisha unakutana na chumba cha kulia. Kumbi hizi zilipewa upana mzima ili ziwe kubwa, na ukubwa wao ndio uliokata njia. Mtu hawezi kupata yote mawili, na Payne hakuyapata.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichukua muda kulielewa. Desturi ya meli za zamani ilikuwa kuweka kumbi za starehe juu, penye upepo na mandhari, na vyumba vya kulala chini ndani ya mwili wa meli. Hapa mpango umepinduliwa: kumbi ziko katika sitaha za chini kabisa za abiria, na kabini zimerundikwa juu yake. Wahenga wa jahazi walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini tumboni mwa chombo, na jioni hiyo, nilipoona jinsi watu wanavyoteremka kutoka ghorofa zote kuja kukutana huku chini, methali ile ilinijia kwa maana ambayo mabaharia hawakuikusudia. Sababu ya mpinduko huu ni mbili. Chini, ndani ya mwili imara wa meli, unaweza kujenga ukumbi mkubwa usioyumba sana. Juu, unaweza kuuza roshani, kwani abiria wa leo yuko tayari kulipia kiroshani chake mwenyewe zaidi ya ukumbi wowote wa pamoja.

Siku ya tatu

Leo nimeipata njia tuliyoikosa juzi, na naiandikia kurasa nyingi kwa sababu sijaona ujanja wa usanifu kama huu katika jengo lolote la nchi kavu.

Tatizo lenyewe ni hili. Chumba cha kulia, kinachoitwa Britannia, kinachukua sitaha ya 2 na ya 3 kwa upana wote wa meli, na mwisho wake kuna zulia la ukutani lililofumwa na Barbara Broekman, linalopanda kimo chote cha chumba na kuonyesha meli, daraja na majengo ya New York. Chumba kimewekwa nyuma ya katikati ya meli, lakini hakikufikishwa mwisho wa tezi, kwa sababu ncha za meli ndizo zinazopanda na kushuka zaidi na tezi hutetemeshwa pia na pangaboi, na mtu mwenye bakuli la supu mbele yake hahitaji mambo hayo. Nyuma ya chumba hicho ndipo ulipo ukumbi wa dansi. Sasa, mtu anayetoka Ukumbi Mkuu kwenda kucheza dansi apite wapi? Akipita katikati ya wanaokula atakuwa anakatiza meza 100 akiwa na viatu vya kumetameta. Akipandishwa ghorofa za juu na kuteremshwa tena, nusu ya watu watarudi kulala.

Jibu ni sitaha ambayo kwa hakika si sitaha. Wameichomeka kati ya ya 2 na ya 3 na kuiita 3L. Ni shoroba mbili, moja kila ubavu wa meli, zinazopita juu ya vichwa vya wanaokula chini na chini ya miguu ya wanaokula kwenye roshani ya juu. Ili kuzipatia kimo cha mtu kusimama, sakafu ya roshani ile imeinuliwa ngazi kwa ngazi kadiri inavyokaribia ubavu wa meli, mithili ya viti vya uwanja wa mpira. Anayekula pale juu hudhani amepandishwa ngazi ili alione zulia la Broekman vizuri zaidi, na kweli analiona vizuri zaidi, lakini ngazi zile zipo kwa sababu chini yake kuna watu wanapita.

Nilimketisha Mama Nasra kwenye roshani wakati wa chakula cha mchana, nikatoka, nikateremka, nikapita 3L nikihesabu hatua, nikarudi. Nilimwuliza kama amesikia chochote. Alisema amesikia mhudumu akimwuliza mara mbili kama mume wake ni mgonjwa.

Tulipotoka nilimpitisha mwenyewe. Ushoroba wenyewe hauna makuu: dari ni ya chini, zulia ni la kawaida, dirisha moja baada ya jingine linaangalia maji. Nilitegemea asifurahishwe, lakini alisimama katikati, akagusa dari kwa ncha za vidole, akasema, "Baba Nasra, hapa ndipo walipoficha gharama." Sijui kama angeweza kusema vizuri zaidi baada ya kusoma ramani zote nilizosoma mimi. Ukumbi wa dansi ni mpana, chumba cha kulia ni kirefu kwenda juu, na kimo chote kilichokosekana kimelipwa hapa.

Upande wa omo pia kuna jambo la kufanana na hili, ambapo njia za pembeni zinakiepuka chumba cha tamthilia na kukupeleka kwenye ukumbi wa Illuminations. Huo ni ukumbi wa mihadhara na sinema, lakini juu ya viti vyake kuna kuba linaloteremshwa, na sinema inageuka kuwa anga la nyota, la kwanza kuwekwa melini. Tulitazama nyota za bandia saa tisa mchana, huku nje kukiwa na mawingu mazito.

Siku ya nne

Bahari imechafuka tangu alfajiri. Nilikuwa nimepanga kukaa katika Commodore Club, sebule iliyo mbele kabisa katika sitaha ya 9, yenye madirisha yanayoitazama omo nzima na mfano mkubwa wa meli uliowekwa ndani yake. Nilikaa dakika 20. Ni chumba kizuri mno, nacho kiko mahali pabaya kuliko pote kwa mtu wa tumbo jepesi: juu na mbele, yaani mbali na mahali meli inapopimia mizani yake kwa urefu na kwa kimo. Gubeti lilikuwa likipanda taratibu, likisita, kisha likishuka, na mimi nikishuka nalo nikiwa nimechelewa kidogo.

Nilishuka hadi Ukumbi Mkuu, katikati na chini, nikaketi kwenye kiti cha mkono nikilinganisha. Mapezi ya kutuliza mrama yaliyo chini ya maji huzuia meli isilale upande upande, lakini hayawezi kufanya lolote juu ya kupanda na kushuka kwa ncha. Ndiyo maana leo, bila mtu yeyote kuelekezwa, abiria wamehamia katikati. Baa ya Chart Room imejaa kuanzia saa nne asubuhi, na Commodore Club ina mabaharia wastaafu wawili na mhudumu.

Mama Nasra hakuona tofauti yoyote na alikula milo yote mitatu.

Siku ya tano

Bahari imetulia, nami nimetumia asubuhi katika maktaba ya sitaha ya 8, yenye maelfu ya vitabu ndani ya makabati ya mbao na vioo. Au tuseme ya kinachoonekana kuwa mbao. Niligonga ubavu wa kabati kwa kifundo cha kidole pale msimamizi alipogeuka, na sauti iliyonijibu haikuwa ya mbao. Ni tabaka jembamba la mbao halisi lililobandikwa juu ya ubao usioungua.

Queen Mary ya kwanza, iliyoanza safari mwaka 1936 na ambayo tangu 1967 imetulia Long Beach, California, ilisifiwa kwa kuwa na aina zaidi ya 50 za mbao kutoka pembe mbalimbali za himaya ya Waingereza, nyingine ngumu kuzipata tena leo. Katika chumba chake cha kulia kulikuwa na ramani kubwa ya Atlantiki iliyochorwa na MacDonald Gill, na juu yake meli ndogo ya kioo ilisogea siku kwa siku kuonyesha wasafiri wamefika wapi. Nadhani hakuna pambo la melini lililopata kuwa na akili kuliko hilo, kwa sababu lilimweleza mlaji jambo ambalo hakuna hoteli ingeweza kumweleza.

Lakini mbao ndizo zilizoziua meli. Mei 1932 meli mpya ya Kifaransa Georges Philippar iliungua katika Ghuba ya Aden, ikiwa njiani kurudi kutoka safari yake ya kwanza ya Mashariki ya Mbali. Januari 1933 ikaungua L'Atlantique. Septemba 1934 ikaungua Morro Castle karibu na ufuo wa New Jersey, na watu zaidi ya 130 wakafa. Mmarekani William Francis Gibbs alipokuja kusanifu United States, iliyoanza kazi mwaka 1952, alikuwa amekata shauri kwamba ndani ya meli yake hapaingii mbao isipokuwa piano na gogo la kukatia nyama jikoni. Dorothy Marckwald na Anne Urquhart, waliobuni kumbi zake, walilazimika kupata uzuri kutoka kwenye alumini, kioo na vitambaa visivyoshika moto, na picha za kumbi hizo zinaonyesha vyumba safi, vyepesi, vilivyo baridi kidogo kama zahanati iliyojengwa na tajiri.

Queen Mary 2 imechagua njia ya tatu: inatii sheria za Gibbs huku ikivaa nguo za Queen Mary. Hapa ndipo ninapotofautiana na wabunifu wake. Mpango wa kumbi ni wa kijasiri, mtu anauona katika 3L na katika mitambo iliyopandishwa chini ya dohani, lakini mapambo yana woga. Kila kitu kinaukumbuka mwaka 1935. Watu wa 1935 wenyewe hawakuwa wakikumbuka chochote; Normandie ilipambwa kwa mtindo wa wakati wake, na baadhi ya waliopanda waliona umezidi. Matengenezo makubwa ya mwaka 2016 yameongeza rangi nzuri zaidi katika sehemu kadhaa, hasa sebule ya Carinthia katika sitaha ya 7, ambayo imechukua nafasi ya bustani ya ndani iliyokuwapo, lakini hata hiyo inatazama nyuma.

Siku ya sita

Jioni tulivaa rasmi na kwenda Queens Room, ukumbi wa dansi, tukipita 3L kama wenyeji. Ni ukumbi wa upana mzima wa meli, wenye taa za vioo vinavyoning'inia na sakafu kubwa ya mbao katikati, na viti vimepangwa kuuzunguka kwa namna ambayo hata asiyecheza ana mahali pa heshima pa kutazamia. Bendi ilipiga waltz. Mama Nasra, aliyefunga kilemba cha hariri na kuvaa dera alilolishona Mombasa kwa ajili ya harusi na akashindwa kungoja, alikaa kwenye mstari wa kwanza akawapa alama wachezaji.

Jina la ukumbi huu ni urithi. Queen Elizabeth 2 ya mwaka 1969 ilikuwa nao pia, uliobuniwa na Michael Inchbald, ukiwa na nguzo nyeupe zilizopanuka juu mithili ya mdomo wa tarumbeta, na meli hiyo kwa sasa ni hoteli iliyofungwa gatini Dubai, ambapo msomaji wa Ghuba anaweza kwenda kuiona bila kuvuka bahari yoyote.

Tulipokuwa tunarudi, tulimkuta bwana mmoja akisukuma mlango wa sebule ya sitaha ya 7 ambayo kadi yake haikumruhusu. Meli hii haina tena madaraja kwa jina, lakini abiria wa vyumba vya bei ya juu wana mikahawa yao miwili, sebule yao na kibaraza chao. Wengine hawafukuzwi, milango tu haina maelezo mengi.

Zamani jambo hili liligharimu chuma. Katika Rotterdam ya Kiholanzi, iliyoanza safari mwaka 1959, kuna ngazi kuu ambayo ukiiona huijui siri yake: ni ngazi mbili zilizosokotana ndani ya mnara mmoja, na kwa kusogeza milango ya kuteleza, abiria wa daraja la kwanza na wa daraja la kitalii walipanda na kushuka sambamba bila kuonana. Walipotaka kuigeuza meli kuwa ya daraja moja, walifungua tu milango. Mimi huona kuwa ngazi hiyo ni kazi bora ya usanifu na jambo la kusikitisha kwa wakati mmoja, na sijaona sababu ya kuchagua moja kati ya mawili hayo. Marehemu baba yangu alifanya kazi Kilindini miaka ambayo Kenya na Uganda, meli za kampuni ya British India, zilikuwa zikija kutoka London kupitia Suez, nazo zilikuwa na madaraja mawili ya abiria. Yeye alizijua vizuri, kwa upande wa shehena.

Nimekuwa nikifikiria nyumba za mawe za Lamu. Nazo zina ngazi za heshima: mgeni huishia dakani, kwenye baraza ya mlangoni, anayejulikana hupita tekani, njia ya kuingilia, hadi kiwandani, yaani uani, na kadiri unavyovuka msana mmoja, yaani chumba kirefu, kwenda mwingine ndivyo unavyokaribia ndani, kwa wenyewe. Lakini nyumba ile haina ushoroba. Unafika chumbani kwa kupita chumbani, na kila chumba kinajua kipo kabla ya kipi. Hivyo ndivyo zilivyofuatana kumbi za Normandie. Kwenye Queen Mary 2 ushoroba umekuwa mwingi, na sehemu ambazo zinanikosha moyo ni zile ambazo ushoroba wenyewe umepewa upana, viti na picha mpaka ukawa chumba.

Siku ya saba

Siku ya mwisho baharini. Mzunguko wa sitaha ya 7 ndio baraza halisi ya meli hii: njia pana ya mbao inayoizunguka meli yote, na mara tatu ni kilomita 1.8. Tulikwenda mara sita, tukisalimiana na watu ambao kwa wiki nzima tumewajua kwa kofia zao.

Juu ya njia hiyo zimening'inia boti za kuokolea maisha. Kanuni za kimataifa zinataka boti ziwe chini zaidi, yapata mita 15 juu ya maji, lakini Payne aliomba ruhusa maalumu aziweke kwenye mita 25, mbali na mawimbi ya Atlantiki, akaipata. Uamuzi huo mmoja umegusa kila kitu. Kabini za sitaha za 4, 5 na 6, zilizo chini ya boti, zimepewa roshani zilizokatwa ndani ya bamba la mwili wa meli, zenye kinga ya upepo na ukuta wa chuma kiunoni, na yetu ni mojawapo. Kabini za sitaha ya 8 zimepata boti mbele ya macho. Nasi watembeaji tumepata kivuli.

Alasiri tulifunga masanduku.

Siku ya nane, Brooklyn

Tuliamshwa gizani kwa ajili ya daraja la Verrazzano-Narrows. Mamia ya watu walikuwa wamesimama juu wakiwa na makoti yaliyovaliwa juu ya nguo za kulalia, wakitazama dohani ambayo kwa makusudi ilifanywa fupi ili ipite hapa. Ukiwa chini yake unaapa kwamba itagonga. Ikapita, watu wakapumua, na mtu mmoja akapiga makofi peke yake.

Tulingojea zamu yetu ya kushuka tukiwa Queens Room, ambayo mchana bila muziki inaonekana kubwa maradufu. Mama mmoja mwenye mkoba wa magurudumu alikuja akihema, akasema ameifuata sitaha ya 3 mara mbili na kila mara amefika kwenye milango ya chumba cha kulia, na binti yake bado yuko Ukumbi Mkuu anamtafuta. Kabla sijafungua mdomo Mama Nasra alikwisha inuka akamshika mkono, wakatoweka pamoja kuelekea 3L, nami nikabaki na masanduku.

Nje, gatini Red Hook, nilimwomba asimame kidogo kabla ya kutafuta teksi. Meli ilikuwa imetugeuzia ubavu wake wote. Nilitafuta mahali pa chumba cha kulia, nusu ya nyuma, na pale pana safu tatu za madirisha: ya chini na ya juu ni za wanaokula, na iliyo katikati ni ya ule ushoroba wetu. Nilimwonyesha kwa kidole. Alizihesabu, akaniambia nifungue daftari nizichore upesi, maana dereva ameshafika.